Ukishona Beji ya Uongo, Umechoma Faili ya Mtu

Leo nina maoni ambayo najua yatakwaza watu wawili watatu, hasa wale mnaopenda nguo za zamani za jeshi la Marekani kama mimi. Nitasema tu. Mtu anayechukua jaketi orijino la 1944, akatoa beji iliyokuwa begani, akashona nyingine ya kikosi chenye jina kubwa ili bei ipande, hajamdanganya mnunuzi peke yake. Amefuta rekodi ya binadamu. Na kwa wanajeshi wengi wa Marekani, rekodi hiyo ya kitambaa ndiyo karibu yote iliyobaki.

Najua kuna mtu ashaanza kucheka. "Bana, ni jaketi tu. Gikomba zimejaa." Sawa, tulia. Nipe dakika kumi, alafu ucheke mwishoni kama bado unaona kuna cha kuchekesha.

Moto wa 1973

Tarehe 12 Julai 1973, moto ulishika jengo la National Personnel Records Center, karibu na mji wa St. Louis, jimbo la Missouri. Humo ndimo serikali ya Marekani ilikuwa imeweka mafaili ya watu waliomaliza kazi ya jeshi. Jengo liliwaka kwa siku kadhaa. Mafaili kati ya milioni 16 na milioni 18 yakaharibika.

Hebu soma tena hiyo namba. Kwa upande wa jeshi la nchi kavu, ni takriban asilimia 80 ya mafaili ya waliotoka jeshini kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Maana yake Vita vya Kwanza, Vita vya Pili na Korea, vyote vimo humo. Jeshi la anga nalo lilipoteza kama asilimia 75 ya mafaili ya waliotoka kati ya Septemba 1947 na Januari 1964, kwa wale ambao majina yao kwa mpangilio wa alfabeti yanakuja baada ya Hubbard. Fikiria, babu yako akiitwa Adams faili yake iko salama, akiitwa Johnson iko hatarini. Hakukuwa na nakala ya pili. Hakukuwa na mikrofilamu. Ilikuwa karatasi moja, jengo moja, moto mmoja.

Sasa familia ikitaka kujua mzee wao alipigana wapi, inaanza kuokota vipande. Kuna karatasi ya kuachishwa kazi ikiwa mtu aliitunza. Kuna ripoti za kila asubuhi ambazo vikosi viliandika kuonyesha nani yupo, nani mgonjwa, nani amekufa. Na kuna sanduku kule juu ya kabati, ndani yake sare.

Hiyo sare ukijua kuisoma, ni kama CV. Chukua lile jaketi fupi la sufi la 1944 ambalo watu huliita jaketi la Ike, kwa sababu ya Jenerali Eisenhower aliyelipenda. Bega la kushoto lina beji ya kikosi ambacho mtu alikuwa nacho mwisho. Bega la kulia, kama lina beji, ni kikosi alichokuwa nacho vitani kabla ya kuhamishwa. Mistari ya mkononi inakupa cheo. Vijimstari vidogo vya dhahabu karibu na kiwiko cha mkono, kila kimoja ni miezi sita ng'ambo. Utepe wa rangi kifuani unakuambia ni medali gani na ni uwanja gani wa vita. Juu ya mfuko wa kulia kuna tai aliyeshonwa ndani ya duara, alama ya kuachishwa kazi kwa heshima. Wanajeshi wenyewe walimpa jina la utani la bata aliyepasuka, kwa vile alivyochorwa vibaya.

Ukiangalia vizuri unaona maisha: sajini, miaka miwili ng'ambo, akapelekwa kikosi kingine, akarudi nyumbani mzima. Badilisha beji moja tu na umeandika maisha mengine kabisa. Ndio maana nasema ni kuchoma faili. Tofauti na St. Louis ni kwamba huu moto unawashwa na mtu mwenye sindano na uzi, tena kwa makusudi.

Kuna feki mbili, na hazilingani

Watu wengi huweka feki zote kwenye gunia moja. Mimi sikubali.

Feki ya kwanza ni nakala mpya inayouzwa kama kitu cha zamani. Kumbuka nakala zenyewe hazina ubaya. Kuna kampuni za Japani kama Buzz Rickson's na The Real McCoy's zinazotengeneza jaketi za mtindo wa zamani kwa ustadi wa ajabu, na zinaweka jina lao wazi. Watu wa kuigiza vita kwenye maonyesho nao wanahitaji nguo, hawawezi kuburura jaketi la kweli la 1943 kwenye matope. Shida huja pale mtu anapobandua lebo ya kampuni, analichubua jaketi kwa msasa, analianika juani wiki tatu, analipaka chai, alafu anakuja na hadithi ya mjane wa mwanajeshi. Huo ni wizi wa pesa. Lakini ukishagundulika, unaliweka jaketi pembeni na historia inabaki pale ilipokuwa.

Feki ya pili ni mbaya zaidi. Jaketi ni la kweli. Beji ni ya kweli. Vifungo vya kweli, uzi wa zamani. Kitu pekee cha uongo ni kwamba hivyo vitu havikuwahi kukutana mpaka muuzaji alipovikutanisha mezani kwake. Ukija kugundua, umechelewa: beji ya kwanza ilishauzwa kivyake, jina lilishakwanguliwa, na hakuna anayejua tena lile jaketi lilikuwa la nani. Huwezi kurudisha.

Na mara nyingi anayefutwa ni mtu wa aina gani? Hapa ndipo mimi hukasirika.

Soko linafuata mastaa. Tangu HBO ionyeshe Band of Brothers mwaka 2001, kila mtu anataka kichwa cha tai mweupe cha Divisheni ya 101 ya wanajeshi wa miavuli. Kwa upande wa Vietnam, kila mtu anataka beji za vikosi vya siri vya MACV-SOG, na ndiyo sababu ziko kati ya beji zinazoigwa sana. Hakuna anayepigania jaketi la dereva wa lori, mpishi, karani au fundi wa simu. Kwa hivyo jaketi la dereva ndilo linalovuliwa beji ili lizaliwe upya kama la shujaa wa miavuli.

Na madereva walikuwa kina nani? Kwenye Vita vya Pili jeshi la Marekani lilitenganisha watu kwa rangi, na wanajeshi Weusi wengi wakapelekwa kwenye vikosi vya kazi: kupakua meli, kujenga barabara, kuendesha malori. Ule msafara maarufu wa malori wa 1944 kule Ufaransa, Red Ball Express, uliolisha majeshi mafuta na risasi, karibu robo tatu ya madereva wake walikuwa Weusi. Wachache waliopewa nafasi ya kupigana walikuwa na beji zao, kama nyati wa Divisheni ya 92, au ile kofia ya chuma ya Kifaransa ya rangi ya buluu ya Divisheni ya 93, ambayo vikosi vyake vilipewa Wafaransa wavitumie kwenye Vita vya Kwanza. Wanawake Weusi 855 wa kikosi cha 6888 walipanga barua za wanajeshi kule Birmingham, Uingereza, na baadaye Rouen, Ufaransa. Ilichukua hadi 2022 ndipo sheria ya kuwapa medali ya dhahabu ya Bunge la Marekani ikasainiwa, na wengi wetu tuliwasikia kupitia filamu ya Tyler Perry ya 2024.

Watu hao vitabu viliwasahau miaka mingi. Mafaili yao mengi yakaungua. Sasa eti kile kipande cha nguo kilichobaki nacho kigeuzwe kiwe cha mtu mwingine kwa sababu mtu mwingine ana bei nzuri? Hapana. Hapo mimi sipiti.

Jaketi huongea, uliza maswali

Nilisema sitalalamika tu, kwa hivyo wacha tuingie jikoni. Wakusanyaji wazoefu wana kanuni moja ambayo ningeichora ukutani: nunua kitu, usinunue hadithi. Wahenga wetu walishasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji akianza na hadithi ndefu ya babu, wewe anza na lebo.

Lebo ina namba ya kandarasi. Kwa nguo za Vita vya Pili mara nyingi utaona tarehe na jina la bohari ya jeshi ya Philadelphia. Kwa nguo za miaka ya 60 na 70, kama lile jaketi la M-65 alilovaa De Niro kwenye Taxi Driver, namba huanza na herufi DSA. Hilo ni shirika la ugavi lililoanzishwa 1961. Mwaka 1977 likabadilishwa jina, na kandarasi zikaanza kuandikwa DLA. Kwa hivyo ukiona DLA kwenye jaketi ambalo "mjomba alivaa Vietnam mwaka 1968", funga mkoba uende nyumbani. Ndani ya namba hiyo kuna tarakimu mbili za mwaka, lakini ni mwaka wa fedha wa serikali, ambao wakati huo ulianza Julai. Ukiona 67, soma kati ya Julai 1966 na Juni 1967.

Kuna namba nyingine, ya stoo. Kabla ya mwishoni mwa 1974 ilikuwa na tarakimu 11. Baada ya hapo ikawa na 13, zikaongezwa mbili baada ya zile nne za kwanza. Hesabu tu kwa kidole. Ni kipimo rahisi na hakihitaji uwe profesa.

Lakini shika hili: lebo inakuambia nguo haikuwepo kabla ya lini. Haikuambii ilivaliwa lini. Jeshi halitupi nguo nzuri, jaketi la 1951 lingeweza kutolewa stoo miaka kumi baadaye. Kwa hivyo beji ya baadaye juu ya jaketi la mapema inawezekana. Jaketi la baadaye kwenye vita vya mapema haliwezekani, hata muuzaji alie machozi.

Njoo kwenye zipu. Majina kama Talon, Conmar na Crown ni ya kawaida kwenye nguo za Vita vya Pili. YKK ni kampuni ya Japani, na ilianza kazi zake Marekani 1960. Ukikuta YKK kwenye jaketi la "Normandy 1944", ama zipu ilibadilishwa au unaibiwa. Kwa M-65, zile za mwanzo kabisa hazikuwa na vile vitambaa vya mabegani vya kuwekea cheo. Ni kitu kidogo, lakini watu husahau kukiangalia.

Beji sasa. Beji nyingi za Vita vya Pili zilitariziwa kwa uzi wa pamba na kukatwa ukingoni, haukushonewa ule mzunguko mnene kama wa ovaloki. Ukingo huo mnene ulienea miaka ya 60. Kwa hivyo ukiuona kwenye beji inayodaiwa ni ya 1944, uliza mara mbili.

Alafu kuna ile tochi ya kukagua noti feki. Wakusanyaji huimulika beji gizani. Uzi wa kisasa wa sintetiki, na kemikali za kung'arisha zilizoenea baada ya vita, huwaka kama disko. Pamba ya zamani hubaki imelala. Watu wengi hukomea hapo na kujiita wataalamu, na hapo ndipo hupigwa. Beji ya kweli iliyofuliwa kwa sabuni ya unga ya kisasa inaweza kuwaka. Na feki iliyotengenezwa kwa pamba safi haiwaki. Tochi ni shahidi mmoja, na hakuna kesi inayoamuliwa kwa shahidi mmoja.

Shahidi ninayemwamini zaidi ni kivuli. Inua ukingo wa beji polepole, au geuza nguo uangalie upande wa ndani. Nguo iliyovaliwa miaka mingi na beji juu yake hupauka pembeni, lakini chini ya beji rangi hubaki changa. Kama kitambaa chini ya beji kimepauka sawasawa na nje, beji imekuja juzi. Kama kuna kivuli cha umbo la duara na beji iliyopo ni ya pembe tatu, kuna mtu ameondolewa hapo. Uzi wa kushonea nao uwe umezeeka pamoja na nguo. Uzi mweupe kama meno ya mtoto kwenye jaketi la miaka 80 unasema yote.

Jaketi za ngozi za marubani, A-2, zina mtihani wake. Nyingi zilichorwa mgongoni, ndege au msichana na idadi ya safari za kutupa mabomu, na mchoro hupandisha bei sana. Kwa hivyo mtu huchukua ngozi ya kweli isiyo na kitu, akachora leo. Angalia mipasuko. Mchoro wa zamani hupasuka pamoja na ngozi. Mchoro mpya huingia ndani ya mpasuko, kwa sababu ngozi ilikuwa ishapasuka kabla ya rangi kufika. Rangi iliyo ndani ya ufa haijui kudanganya.

Na sasa kitu kinachonifanya niipende hii kazi. Kwenye Vita vya Pili, askari wengi wa nchi kavu walipiga muhuri ndani ya nguo zao ili zisipotee dobi: herufi ya kwanza ya jina la ukoo na tarakimu nne za mwisho za namba yake ya jeshi. Ukiikuta kwenye kola au kiunoni, umeshika uzi wa kumfikia mtu. Hifadhi ya taifa ya Marekani ina rekodi kama milioni tisa za kuandikishwa jeshini za wakati ule, na zinaweza kutafutwa. Namba kamili ya jeshi ikipatikana, tarakimu ya kwanza nayo inaongea: 1 kwa kawaida ni aliyejitolea, 3 ni aliyeitwa kwa lazima. Kuwa mwangalifu tu. Herufi moja na tarakimu nne zinaweza kufanana na watu kadhaa, kwa hivyo unahitaji ushahidi mwingine, cheo, jimbo, kikosi, kabla ya kumpa mtu jina. Na ndiyo maana beji iliyobaki mahali pake ni muhimu sana. Ndiyo inayochagua kati ya hao watu kadhaa. Muuzaji akiitoa, amekata huo uzi.

Medali zenye jina la marehemu

Kuna feki nyingine ambayo hata kuiandika inanitia uchungu. Purple Heart ni medali ya waliojeruhiwa au kuuawa vitani. Kwa ajili ya Vita vya Pili zilitengenezwa kama milioni 1.5, nyingi zikiandaliwa kwa uvamizi wa Japani ambao haukufanyika, na karibu 500,000 zikabaki stoo. Kwa hivyo medali halisi zisizo na jina zipo na si ghali. Familia ya aliyeuawa ilipewa yenye jina lake limechongwa nyuma.

Unaona inakoelekea. Mtu ananunua medali halisi isiyo na jina, anatafuta orodha ya waliokufa Pearl Harbor au Normandy, anachagua jina, anachonga. Medali ni ya kweli, marehemu ni wa kweli, kifo ni cha kweli. Na kule mahali kuna familia yenye medali ya kweli ya huyo huyo marehemu, au iliyoipoteza na inaitafuta. Kuna shirika huko Marekani, Purple Hearts Reunited, ambalo kazi yake ni kurudisha medali zilizopotea kwa familia. Waza kazi hiyo inakuwaje sokoni kukiwa na nakala mbili za mtu mmoja.

Majibu kwa wanaonipinga

Wa kwanza atasema: "Mnatukuza vita." Naelewa. Lakini kutunza nguo ya mtu aliyepelekwa vitani si kupiga makofi vita. Nguo hizi zimesema mambo mengi. Aprili 1971, wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam walisimama mbele ya Bunge la Marekani wakatupa medali zao kupinga vita, wengi wakiwa na jaketi zile zile za kijani. Ukibadilisha beji kwenye jaketi la mmoja wao ukamfanya komando, umefuta hata alichokipinga. Ukweli unawafaa wapenda amani kuliko mtu yeyote.

Wa pili: "Mnunuzi afungue macho. Ni biashara." Mnunuzi mkubwa anaweza kujitetea, sawa. Mwenye jaketi amekufa. Nani atamtetea? Sheria nayo ina mipaka yake. Kule Marekani kuuza Medal of Honor ni kosa. Kulikuwa na sheria ya kukataza mtu kujidai ana medali, Mahakama ya Juu ikaifuta 2012 kwenye kesi ya Alvarez kwa msingi wa uhuru wa kusema. Mwaka 2013 ikaja nyingine, inayomkamata anayejidai ili apate pesa au faida. Hiyo inamgusa mtu anayejidai shujaa. Jaketi linalovalishwa ushujaa wa uongo ni vigumu zaidi kulitetea mahakamani, mpaka uthibitishe muuzaji alijua. Kwa hivyo kinachobaki ni dhamiri yetu sisi tunaonunua. Tukikataa kununua hadithi, hadithi zitapungua.

Wa tatu: "Nataka tu kuvaa." Vaa! M-65 isiyo na jina ni jaketi kali, na jeshi lilitengeneza nyingi sana. Ila usiishonee vitu kuipamba kama shujaa, na ukikuta jina au muhuri wa dobi, usikwangue. Alafu kwa sisi wa huku, sheria ya Kenya haichezi na raia aliyevaa sare ya jeshi au kitu kinachofanana nayo. Ile ya madoadoa iache kwenye kabati, usije ukamweleza afande kwamba ni ya Marekani. Hatakuwa na muda wa kuhesabu tarakimu za stoo.

Ninachoomba

Kwa wauzaji: uza kitu jinsi kilivyokuja. Piga picha za ndani, za lebo, za mishono. Kama beji iliongezwa, sema iliongezwa na nani. Kama hujui, sema hujui, neno hilo halijawahi kuua biashara ya mtu mwaminifu. Kwa watengeneza nakala: wekeni alama isiyotoka. Kwa wakusanyaji: acheni kuosha, kung'arisha na "kurekebisha". Doa la kutu kando ya kifungo ni ushahidi. Na acheni kuwadharau makarani na wapishi. Jaketi la karani lenye jina lake, karatasi yake na picha yake lina thamani kuliko shujaa wa kushonwa.

Kwa Wakenya wenzangu, hili linatuhusu karibu zaidi ya mnavyodhani. Wazee wetu wa King's African Rifles walipigana Burma 1944 kwa upande wa Uingereza, wakati Wamarekani nao wakiwa Burma hiyo hiyo. Nyota za vita walizopewa hazikuchongwa jina. Kwa hivyo ile Burma Star iliyo kwenye kopo la kahawa kwa guka, siku akiondoka yule shosho anayejua ilikuwa ya nani, inakuwa chuma tu. Mtu wa vyuma chakavu ataipima kwa kilo. Na tuna ndugu walioko Marekani ambao wamevaa sare ya huko wenyewe. Sare hizo zitakuja kuwa za zamani pia.

Fanya hivi wikendi hii. Chukua kalamu ya risasi na karatasi. Andika jina kamili la mzee, kijiji chake, kikosi kama kinajulikana, alichosema kuhusu vita, na nani amekuambia. Weka tarehe. Iweke ndani ya kopo pamoja na medali. Hiyo karatasi haitakugharimu chochote, na mjukuu wako hatahitaji tochi wala kuhesabu tarakimu ili ajue alitoka kwa nani.

Hayo ndiyo yangu. Unaona nimezidisha? Niambie wapi, tubishane kwa adabu. Lakini kama una sindano mkononi na beji isiyo ya huyo mtu, weka chini kwanza.